Watunza Sheria: Karachuonyo, Kuria na Yale

Mwaka 1938 Paul Mboya, mchungaji wa Kiadventista na chifu wa Karachuonyo, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, alichapisha kitabu cha Kijaluo, *Luo Kitgi gi Timbegi*, kuhusu mila na desturi za watu wake. Hakuwa mkutubi wala wakili. Hata hivyo, nikiulizwa ni nani aliyewatunzia Wajaluo wa Nyanza Kusini sheria zao kabla ya maktaba, nitamtaja yeye.

Mmarekani Morris Cohen (1927–2010), aliyeongoza maktaba za sheria za Harvard na Yale, alipata sifa kwa njia nyingine. Mwaka 1998 alitoa bibliografia ya juzuu 6 za maandishi ya kale ya sheria ya Marekani. Alikusanya hata vitabu vya watoto vyenye visa vya sheria, akaikabidhi Yale. Cohen alisaka karatasi zilizokwisha kuandikwa, na aliyekosana na mpangilio wake angeweza kurudi kwenye nakala yenyewe. Mboya alikusanya kutoka vinywani mwa watu. Alichokiacha nje hakikuwa na rafu nyingine ya kukihifadhi. Tena alikuwa chifu: mjane aliyekuwa na neno juu ya kurithiwa angemweleza kwa uhuru kiasi gani?

Uzito wa kuchagua huko ulikuja kuonekana mahakamani. Katika kesi ya Kimani dhidi ya Gikanga, 1965, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mila isiyojulikana sana wala kuandikwa lazima ithibitishwe na anayeitegemea. Mila iliyoandikwa ikapata nafasi ya mbele. Bado kitabu hakikutosha: katika kesi ya mazishi ya wakili Mjaluo S. M. Otieno, iliyomalizika 1987, waliotoa ushahidi juu ya mila za Wajaluo ni pamoja na mchimba makaburi na mwanafalsafa Odera Oruka.

Kwa Wakuria wa Migori, watunza sheria ni wazee wenyewe. Iritongo ni kikao cha hadhara. Inchama ni baraza la siri. Naiheshimu hekima ya kikao cha hadhara, kwa kuwa wazee hupima kesi mbele ya wanaoishi na matokeo yake. Inchama inanitia wasiwasi. Ndiyo inayotangaza msimu wa tohara, na wasichana wamekeketwa katika misimu hiyo hata baada ya sheria ya 2011 kupiga marufuku ukeketaji. Msichana hawezi kubishana na uamuzi uliopitishwa mahali asiporuhusiwa kuingia.

Hapo ndipo ninapompa Mboya sifa yake kubwa. Kwa kuandika, aliwapa hata wasiokubaliana naye kitu cha kushika mkononi na kukipinga. Kenya Law, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, inafanya vivyo hivyo leo: hukumu za Mahakama Kuu za Homa Bay na Migori husomwa bure mtandaoni, na mwananchi anaweza kuona jaji alivyoipima mila.

Lakini hukumu hugusa tu yale yaliyofikishwa kortini. Ningependa kitabu cha Mboya kiwe kwenye rafu za mahakama zote mbili, kando yake pawe na kumbukumbu za iritongo kwa Kikuria, na wanawake wa Kehancha, kwa Wakuria, na wa Karachuonyo wawe miongoni mwa watakaoulizwa kabla chochote hakijaandikwa.