Somo Lililofika kwa Flashi

Mwaka 2018, wiki ya tatu tangu nianze kusoma uhandisi wa umeme, kaka mmoja wa mwaka wa tatu alikuja chumbani kwetu hosteli akiwa na flashi ya GB 8 iliyofungwa uzi mwekundu ili isipotee. Ndani yake mlikuwa na folda tano. Mbili zilikuwa madesa, yaani notisi zilizopigwa picha kutoka kwenye daftari la mtu aliyekwishahitimu. Moja ilikuwa mitihani ya miaka iliyopita. Mbili zilizobaki zilikuwa video: katika moja, profesa mzee wa Kimarekani aliandika matriki ubaoni kwa chaki, katika nyingine, mhadhiri wa Kihindi alichora saketi kwenye karatasi nyeupe, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Hawa ndio watakaowavusha," kaka alisema. "Msipowasikiliza mtadisko."

Kudisko ni kuondolewa chuo kwa kufeli, na hakuna neno tuliloliogopa zaidi. Tulinakili folda zote. Hatukuuliza video zile zilitoka wapi, nani alizilipia, wala zilifikaje kwenye uzi mwekundu. Zilikuwepo tu, kama maji ya bomba yanavyokuwepo siku yanapotoka.

Nililazimika kuuliza miaka sita baadaye. Nilikuwa nimerudi chuoni kusoma shahada ya uzamili, na idara ilikuwa imeamua kuandaa masomo ya mtandaoni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: hesabu za kihandisi, misingi ya programu za kompyuta, na saketi za umeme. Saketi nilipewa mimi. Kabla ya kuandika slaidi ya kwanza nilitaka kujua waliotangulia walifanya nini. Nilidhani ningepata orodha ya mafanikio ya kuiga. Nilichokuta ni swali moja linalojirudia kwa karibu miaka thelathini.

Tuanzie angani. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kinachojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama AVU. Mihadhara kutoka vyuo vya ng'ambo ilirushwa kwa satelaiti hadi kwenye vyumba maalumu katika vyuo vya Afrika. Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi, kilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Mwanafunzi alikaa mbele ya skrini, akamwona mhadhiri aliye bara lingine, na akiwa na swali alilituma kwa simu, faksi au barua pepe. Saa nne asubuhi ya Washington wakati wa kiangazi ni saa kumi na moja jioni Nairobi. Mtu aliyetoka maabara amechoka alikuwa anakutana na mtu aliyemaliza kunywa kahawa ya asubuhi.

Ni rahisi leo kuucheka mpango ule, lakini mimi siucheki. Vyuo vyetu vilikuwa vimepita miaka ya themanini na tisini vikibanwa bajeti, vitabu vilikuwa vichache, na wahadhiri wa sayansi na uhandisi walikuwa wachache zaidi. Skrini ile ilikuwa jibu kwa tatizo la kweli. Udhaifu wake ulikuwa kwamba somo lilitengenezwa kwingine, kwa ajili ya darasa lingine, kisha likasafirishwa kama bidhaa iliyokwisha fungwa. Aliyelipokea alikuwa na uhuru wa kulifungua tu.

AVU yenyewe iliuona udhaifu huo. Mwaka 2002 makao yake yalihamia Nairobi, na mwaka uliofuata ikawa taasisi ya kiserikali iliyoanzishwa kwa mkataba wa nchi za Afrika. Kuanzia mwaka 2005, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliwakusanya wahadhiri kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo, waandike wenyewe moduli za hisabati, fizikia, kemia, biolojia na teknolojia ya habari. Zilitoka moduli 73, kila moja kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na baadaye ziliwekwa mtandaoni bure. Nilipozisoma nilifurahi, maana mifano yake ilikuwa imeandikwa na watu waliowahi kufundisha darasa linalofanana na letu. Kisha nikaitazama tena ile orodha ya lugha tatu. Sisemi walikosea. Mradi wa nchi 10 hauwezi kuandikwa kwa kila lugha, na vyuo vyao vilifundishia katika hizo tatu. Ila nilijiuliza hao wahadhiri wenyewe, walipokuwa wakimweleza mwanafunzi aliyebaki nyuma baada ya kipindi, walimweleza kwa lugha gani.

Yule mzee wa matriki ana historia yake. Ni Gilbert Strang wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, na mihadhara tuliyokuwa tukiitazama ilirekodiwa mwaka 1999, mwaka niliozaliwa mimi. Mwaka 2000 kamati ya walimu wa MIT ilipewa kazi ya kufikiria chuo kifanye nini na intaneti. Ilikuwa enzi ambayo kila mtu alitarajia kutajirika mtandaoni, na wazo la kuuza kozi lilikuwa mezani. Kamati ilirudi na pendekezo lililowashangaza wengi: tuzitoe bure. Aprili 2001 chuo kikatangaza, na mwaka 2002 kozi 50 za kwanza zikawekwa wazi kwa majaribio.

Bure, lakini bure kwa mwenye intaneti. Wakati huo Afrika Mashariki haikuwa na hata waya mmoja wa mkongo wa baharini. Tulitegemea satelaiti, kwa bei ya kuumiza. MIT ililijua hilo, ikawa inatuma nakala ya tovuti yote ndani ya diski kwa vyuo vyenye mtandao dhaifu, vingi vikiwa vya Afrika, ili viiweke kwenye seva zao. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktaba. Flashi yenye uzi mwekundu ilikuwa mjukuu wa zile diski. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, lakini miaka tisa baadaye, kwa bei ya bando na urefu wa video, sisi hosteli tulikuwa bado tunapokea masomo mkononi.

Na yule Mhindi wa karatasi nyeupe? Video yake ilitoka kwenye mpango uitwao NPTEL, ulioanza mwaka 2003 kwa fedha za serikali ya India. Vyuo saba vya IIT pamoja na Taasisi ya Sayansi ya India ya Bangalore vilirekodi kozi zao za uhandisi ujenzi, umeme, mitambo, elektroniki na kompyuta. Hawakuwa wakimlenga mwanafunzi wa Tanzania. Waliwalenga vijana wao wenyewe, wale waliokuwa kwenye maelfu ya vyuo vya uhandisi ambavyo majengo yalipatikana kabla ya walimu. Labda ndiyo sababu tulimwelewa haraka. Hakudhani kwamba tuna maabara nzuri. Hakuruka mstari wa hesabu kwa kuamini kwamba tutaujaza wenyewe. Alifundisha kama mtu anayejua kwamba anayemsikiliza huenda hana mwingine wa kumuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo India ilifanya, na lilinifanya nifunge laptopu na kutoka nje kidogo. Kozi hizo zilizotolewa kwa Kiingereza zilianza kutafsiriwa maandishi yake kwa lugha za nchi: Kihindi, Kitamil, Kibengali na nyinginezo. Walikuwa na video nyingi kuliko karibu nchi yoyote, na bado walikubali kwamba video haijafika mpaka mtu aielewe. Mwaka 2023 IIT Madras, chuo kilichobeba sehemu kubwa ya kuratibu mpango huo, kilifungua kampasi yake Zanzibar. Mwalimu aliyekuwa akitufikia kwa flashi sasa ana geti na ubao upande huu wa bahari.

Hayo yote nilikuwa nimeshayasoma nilipokaa kuandaa somo langu, na bado nilirudia kosa lilelile. Niliandika slaidi safi. Nilichora saketi kwa rangi. Nilirekodi sauti yangu kwa Kiingereza cha pole, nikaweka maswali ya kujipima mwisho wa kila sehemu. Wiki ya sita nilifungua takwimu za mfumo. Waliokuwa wamefika hadi sehemu ya pili hawakufika robo ya darasa. Nilimlaumu mtandao, nikailaumu bei ya bando, nikawalaumu vijana wa siku hizi, mimi mwenye miaka 25.

Kisha binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinisimamisha kwenye ngazi za jengo letu. "Dada, samahani. Slaidi zako nzuri. Ila mimi kanuni ya Kirchhoff nimeielewa kwa hii hapa." Akanichezea sauti kwenye simu. Ilikuwa ya kijana wa mwaka wa pili, dakika tatu na ushee, imerekodiwa sehemu yenye kelele, inasikika sufuria ikigongwa nyuma.

"Oya, sikilizeni," ilisema. "Hapo kwenye kiungio paoneni kama Ubungo. Daladala zinaingia kutoka Mbezi na kutoka Mwenge. Lazima zitoke, ziende Magomeni au Buguruni. Hakuna gari linalopotea hapo katikati, na trafiki hataki mtu aegeshe. Ukihesabu zimeingia kumi, zimetoka saba, usiseme tatu zimeyeyuka. Kuna barabara hujaihesabu. Ndiyo mkondo hiyo. Jumla ya inayoingia ni jumla ya inayotoka. Rudi kwenye swali la nne ukaitafute hiyo barabara."

Nilimwomba anitumie. Alipotuma, juu yake palikuwa na alama inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi.

Usiku ule nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiacha nje ya historia yangu. Yule kaka hakutupa flashi akaondoka. Alikaa kitandani kwangu hadi karibu saa sita usiku. Kila baada ya dakika mbili alisimamisha video na kusema, "Sasa hapa anamaanisha hivi," akaeleza kwa Kiswahili, kisha akaiachia iendelee. Vilevile Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nikawa nyumbani nje ya Makambako nikitafuta mtandao kwenye kilima cha nyuma ya shule, yaliyonifikisha Juni nikiwa bado najua ninachosoma hayakuwa mafaili makubwa ambayo hayakuwahi kumaliza kupakuliwa. Yalikuwa sauti za wenzangu, za dakika mbili mbili, zilizoingia kwenye simu hata mtandao ulipokuwa wa kudonoa.

Hata kwenye vile vyumba vya satelaiti, siamini kwamba skrini ilipozimwa kila mtu aliinuka kimya kwenda zake. Najua wanafunzi wa uhandisi. Lazima kuna aliyebaki, akachukua chaki, akasema, "Sasa hapa alikuwa anamaanisha hivi." Huyo hayumo kwenye taarifa yoyote. Taarifa hutaja mfadhili, mitambo, idadi ya kozi na waandishi wake.

Nilimpelekea msimamizi wangu ile sauti. Aliisikiliza yote, akatabasamu kwenye trafiki, kisha akauliza swali ambalo sikuweza kulipuuza. "Mtihani utakuja kwa Kiingereza. Mkimwelewesha kwa Kiswahili, kesho atajibu kwa lugha gani?"

Nilisema kwamba asiyeelewa hajibu kwa lugha yoyote. Akasema hilo ni jibu zuri la kwenye mdahalo, ila yeye anasahihisha karatasi. Ana haki. Nimeona karatasi ambazo mwanafunzi anajua mkondo unakwenda wapi lakini sentensi inamkwamisha katikati, kama hilo daladala lililoegesha pasipotakiwa. Maneno pia tunayo kuliko tunavyokiri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Lakini kamusi haikai kwenye chumba cha mtihani.

Tulikubaliana kujaribu hivi: kila sehemu ya somo iwe na sauti fupi ya Kiswahili isiyozidi dakika nne, faili dogo la kupakuliwa hata kwa bando la siku, na mwisho wa sauti msemaji asome swali moja la mtihani uliopita kwa Kiingereza na kuonyesha neno kwa neno linaomba nini. Wasemaji wawe wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, walipwe kidogo. Kuhusu malipo bado tunabishana. Kuhusu Kiswahili, mjumbe mmoja wa kamati ya idara ameandika pembeni ya pendekezo kwamba jambo hili "si rasmi", na kikao kijacho ndicho kitakachoamua.

Yule kijana wa Ubungo nilimtafuta nikampata kibandani anakula chipsi. Nilipomwambia tunataka kuitumia sauti yake alishtuka, akadhani amekosea kitu. Aliomba airekodi upya mahali penye utulivu. Nilimwambia sufuria haina shida, ila aongeze sentensi moja: kwamba kwenye saketi hakuna mahali pa kuegesha kabisa, hata trafiki asipokuwepo. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa dada, nitaliweka hilo."

Kwenye ukurasa wa kwanza wa somo, pale panapoandikwa waandaaji, nimeongeza jina lake chini ya langu. Kwa yule kaka wa flashi niliacha mstari wazi kwa siku mbili, nikijaribu kukumbuka jina lake la pili. Nimempigia simu mtu tuliyekaa naye chumba kimoja. Ameahidi kuulizia.