Kigwa na Bahari: Safari ya Babu Zetu Hadi Bagamoyo na Unguja



Kijiji chetu hakina hata mto mkubwa wa kuogelea, lakini kwa miaka mingi vijana wake waliijua bahari. Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, ilipita hapa. Burton aliandika jina la Kigwa alipopita mwaka 1857, na Stanley naye mwaka 1871. Stanley alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Kwihara. Wageni hao walipata sifa duniani kote. Waliobeba mizigo yao hawakuandikwa, ingawa njia hiyo walikuwa wakiijua tangu zamani.

Kwa Wanyamwezi, kubeba mzigo hadi pwani kulikuwa kipimo cha uanaume. Burton aliona watoto wa miaka sita au saba wakizoezwa kwa kubebeshwa vipembe vidogo vya ndovu. Hata Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa njiani kuelekea pwani kama mpagazi alipopata habari kuwa baba yake amefariki. Alitua mzigo, akarudi nyumbani kutawala.

Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Safari ilifanyika wakati wa kiangazi, ili watu wawahi kurudi mvua zikianza. Nyuma walibaki akina mama, wakitunza nyumba na mashamba. Tusifiche pia kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo. Wengi wao hawakurudi tena kwao.

Msafara ulipokaribia Bagamoyo, kirangozi alitangulia na bendera, ngoma zikapigwa na bunduki zikalia. Ufuko wa Bagamoyo ni wa maji mafupi, hivyo mashua zilisogea karibu na watu wakaingia majini kupakia pembe. Kutoka hapo majahazi yalitweka tanga na kuvuka mlango wa bahari kwenda Unguja, kwenye soko kubwa la pembe. Wako Wanyamwezi waliovuka nayo. Mtu aliyezoea pori la miombo alijikuta katikati ya maji, akimtegemea nahodha na upepo wa kusi.

Huko pwani kulikuwa na sikukuu ambayo mpagazi aliweza kuikuta: Siku ya Mwaka, ambayo watu wa Makunduchi huiita Mwaka Kogwa. Watu huoga baharini, hujenga kibanda cha makuti na kukichoma, na wanaume hupigana kwa migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita. Zamani hata moto wa jikoni ulizimwa, ukawashwa mpya. Hesabu ya mwaka huo ni siku 365 tu, bila siku ya nyongeza, hivyo sikukuu husogea nyuma siku moja kila miaka minne. Leo huangukia Julai. Zama za misafara iliangukia Agosti, katikati ya kiangazi, misafara ya bara ikiwa bado pwani.

Waliorudi walileta nguo, shanga, chumvi na maneno ya Kiswahili. Walileta pia vipande vyeupe vya kombe la bahari, ambavyo watemi walivivaa kama alama ya enzi. Heshima ya utemi wa bara ilikuwa na kitu cha baharini ndani yake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya miguu ikaanza kuota majani. Kwihara ina makumbusho ya Livingstone. Kigwa haina hata kibao kinachosema kwamba misafara ilipita hapa. Wazee wanaokumbuka masimulizi ya babu zao wanazidi kupungua, na kila mazishi huondoka na sehemu ya historia hii.

Kwa hiyo tunaomba michango ya mwaka huu, baada ya mahitaji ya shule na maji, itenge fungu la kurekodi wazee wetu na kuweka alama kwenye njia ya zamani. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msafarani haikuwa hivyo: mtu akiugua, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, na pembe zikafika Bagamoyo. Huu nao ni mzigo wa kugawana. Kila mmoja abebe frasila yake.