Kachero Anapovunja Nyumba

Mwaka 1899 kilitoka London kitabu cha hadithi fupi, The Amateur Cracksman. Mwandishi wake, E. W. Hornung, alikitabaruku kwa shemeji yake, Arthur Conan Doyle, aliyemuumba Sherlock Holmes. Tabaruku hiyo ilikuwa na utani ndani yake. Shujaa wa kitabu, A. J. Raffles, ni muungwana na mcheza kriketi hodari. Usiku huiba vito vya matajiri. Anayesimulia ni rafiki yake Bunny, anayemstaajabia kama Watson anavyomstaajabia Holmes.

Doyle hakufurahi. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1924 alisifu ufundi wa hadithi hizo, ila akaziona za hatari: mhalifu hafai kufanywa shujaa, na Hornung alikuwa ameshaonywa mapema.

Mtoa onyo naye alikuwa na lake. Mwaka 1904, katika hadithi ya Charles Augustus Milverton, Holmes anavaa barakoa nyeusi na kuvunja nyumba ya mtu huko Hampstead. Milverton hununua barua za siri za wakubwa, kisha huwatoza fedha ili asizifichue, na sheria haimpati kwa sababu hakuna anayethubutu kumshtaki. Holmes anafungua sefu. Mara anaingia mwanamke ambaye Milverton aliwahi kumharibia maisha, na kumpiga risasi hadi afe. Nyuma ya pazia, Holmes anamshika Watson mkono asiingilie, halafu anazitia barua zote motoni. Kesho yake Inspekta Lestrade anakuja kuomba msaada na kutaja sura ya mmoja wa wezi. Holmes anatania kwamba huyo angeweza kuwa Watson, na kesi anaikataa.

Hayo msomaji huyasamehe upesi, nami pia. Nisilolisamehe ni la Agatha. Ili kuijua nyumba ile, Holmes alijifanya fundi bomba na kumchumbia Agatha, mtumishi wa ndani wa Milverton. Watson anashtuka: na huyo msichana je? Holmes anainua mabega. Yupo mwanamume mwingine anayemtaka. Heshima ya mabibi wakubwa inaokolewa, na mtumishi hakuna anayerudi kumuuliza hali.

Mwaka huohuo, katika The Abbey Grange, Holmes anajipa uhakimu, anamfanya Watson mzee wa baraza, na baharia aliyemuua mume mkatili anaachiwa huru papo hapo sebuleni.

Ufaransa hawakuhitaji kubuni mchanganyiko huu wa kachero na mhalifu. Vidocq, mfungwa wa zamani, ndiye aliyeasisi kikosi cha upelelezi cha Paris mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini aliyekwenda mbali zaidi ni Mwingereza G. K. Chesterton. Katika hadithi yake ya kwanza ya kachero Padri Brown, mwaka 1910, mkuu wa polisi Valentin anamwinda mwizi Flambeau. Katika ya pili, muuaji ni Valentin mwenyewe. (Niwieni radhi ambao hamjaisoma, imeshapita miaka zaidi ya 100.) Flambeau baadaye anatubu na kufungua ofisi ya upelelezi.

Hornung, kwa kweli, alikuwa mkali kuliko shemeji yake alivyodhani. Mwaka 1901 alimpeleka Raffles kwenye vita vya Makaburu, Afrika Kusini, akauawa huko kwa risasi. Holmes alistaafu Sussex, akafuga nyuki.