Filamu ya Moto na Ghasia za Mwaka 1998

Katika mwaka wa 1996 Deepa Mehta, mzaliwa wa India aliyehamia Kanada, alitoa filamu iitwayo Fire, maana yake moto. Yahusu wanawake wawili, Radha na Sita, walioolewa na ndugu wawili katika nyumba moja mjini Delhi. Mume wa Radha, kwa kumfuata mwalimu wake wa dini, alikuwa amejitenga na mkewe miaka 13. Wa Sita moyo wake ulikuwa kwa mwanamke mwingine. Wake hao, wajane wenye waume hai, wakapata kwanza faraja, kisha mapenzi, wao kwa wao.

Wakaguzi wa filamu waliipitisha bila kuikata, ikaonyeshwa Novemba 1998. Mapema Desemba wafuasi wa Shiv Sena wakavamia majumba ya sinema ya Mumbai na Delhi, wakidai kuwa mambo hayo si ya mila za Kihindu. Majina yalizidisha ghadhabu, kwani ni matukufu. Na katika Ramayana, Sita hupita motoni ili kuthibitisha uaminifu wake. Radha naye hushikwa na moto akaokoka, lakini harudi kwa mumewe.

Filamu ikarudishwa kwa wakaguzi, nao mwanzoni mwa 1999 wakaipitisha tena. Walakini lililo kubwa zaidi lilitokea nje ya jumba la Regal, Delhi, Desemba ileile: wanawake walisimama na mishumaa, na bango lao likatangaza hadharani kuwa wao ni Wahindi, tena wapenzi wa wanawake wenzao. Waliotaka kunyamazisha ndio waliosababisha jambo hilo kusemwa.