Maji Yamekuwa Meupe. Je, Yananyweka?

Likizo iliyopita nilifanya na binti wa kaka yangu, mwenye miaka minane, lile jaribio ambalo wengi wetu tulilikuta shuleni. Tulikata kitako cha chupa ya maji, tukaigeuza mdomo chini, tukaweka pamba shingoni, kisha mkaa uliotwangwa, mchanga laini, mchanga wa chenga na kokoto juu kabisa. Tukamimina maji ya tope. Yaliyodondoka yalikuwa karibu meupe. Mtoto akashika kikombe.

"Shangazi, sasa naweza kunywa?"

"Hapana, hayo si ya kunywa."

"Kwa nini? Si tumeyachuja?"

Swali zuri, nami nikababaika. Jibu lake lina historia ndefu.

Tuanzie London, mwaka 1829. Mhandisi James Simpson aliijengea kampuni ya maji ya Chelsea kichujio kikubwa cha mchanga cha kusafisha maji ya Mto Thames. Elimu ya vijidudu vya magonjwa ilikuwa bado haijakomaa. Watu walitaka tope liondoke, basi. Yaani walitafuta kile kile alichokitafuta mtoto wetu: maji meupe.

Sasa twende Ujerumani, mwaka 1892. Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili iliyopakana, na sehemu nyingine mpaka ulikuwa mtaa tu. Yote ilikunywa maji ya Mto Elbe. Hamburg ilichota upande wa juu, kabla mto haujapokea majitaka ya mji, ikayasambaza bila kuyachuja. Mtambo wake wa kuchuja ulikuwa bado unajengwa. Altona ilichota upande wa chini, baada ya majitaka ya Hamburg kuingia mtoni, lakini ilipitisha maji yake kwenye vichujio vya mchanga.

Kipindupindu kilipoingia, ungedhani Altona ndiyo ingeangamia. Kumbe sivyo! Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,500 ndani ya miezi michache, huku Altona ikiguswa kidogo tu ukilinganisha. Kwenye mitaa ya mpakani ugonjwa ulishika upande wa Hamburg na kuuacha upande wa pili. Hewa ile ile, udongo ule ule, ila mabomba tofauti. Robert Koch, aliyekuwa amemtambua bakteria wa kipindupindu miaka michache kabla, aliutumia mfano huo kuonyesha kwamba ugonjwa ulisafiri na maji. Mwaka 1893 Hamburg nayo ikaanza kuchuja.

Hapo mtoto angeniuliza: kama mchanga uliiokoa Altona, chupa yetu ina kasoro gani?

Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa takriban mikroni 2, yaani sehemu 2 kati ya 1,000 za milimita moja. Nafasi zilizopo kati ya chembe za mchanga ni kubwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo mchanga mtupu haumzuii vya kutosha. Vichujio vya Altona vilipitisha maji polepole sana, na juu ya mchanga ulijijenga utando wa mwani, bakteria na viumbe wengine wadogo. Wajerumani huuita Schmutzdecke, blanketi la uchafu. Utando huo hunasa vijidudu, na baadhi ya viumbe wake huvila. Kujijenga huchukua siku nyingi, hata wiki. Chupa yetu ilikuwa na umri wa dakika kumi.

Kwa hiyo ukifanya jaribio hili nyumbani, usiishie kwenye maji meupe. Koroga kijiko cha hamira ya mkate kwenye maji ya vuguvugu, yapitishe kwenye kichujio, kinga kwenye chupa ndogo. Ongeza sukari, visha puto mdomoni, weka mahali penye joto. Puto likianza kuvimba, hamira hai imepita. Na chembe ya hamira ni kubwa kuliko bakteria wa kipindupindu!

Sisi puto letu lilisimama baada ya chakula cha mchana. Mtoto akaliangalia, akaangalia kile kikombe, akaenda mwenyewe kumwagia maua yale maji. Kisha tukabandika sufuria ya maji ya kunywa jikoni, akasubiri mpaka yakatokota.