Ahadi ni Deni, Hata kwa Programu

Mwaka 1980 mtafiti Reid G. Smith alichapisha itifaki ya kompyuta iliyofuata utaratibu wa zabuni. Kompyuta yenye kazi huitangaza. Nyingine hupima uwezo wake na kuomba. Mwenye kazi huchagua, na mkataba hufungwa. Mfano mmojawapo ulikuwa mtandao wa vihisio vilivyotawanywa katika eneo kubwa ili kufuatilia magari, kila kimoja kikiona sehemu yake tu. Smith na mwenzake Randall Davis walisisitiza kwamba habari lazima ziende pande zote mbili na kila upande upime kwa mtazamo wake kabla ya kukubali. Msingi wa programu wakala, yaani programu zinazotenda kwa niaba ya wenyewe, ukawekwa hapo: wenye maarifa tofauti hawahitaji kuwa na akili moja ili washirikiane, wanahitaji wajibu unaoonekana.

Miaka ya 1990 msingi huo ulielekea kusahauliwa. Watafiti waliofadhiliwa na DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, waliunda KQML, lugha ya mawasiliano kati ya programu ambamo kila ujumbe ni tendo: kuuliza, kuarifu, kutangaza huduma. Wazo hilo lilitokana na falsafa ya J. L. Austin, ambaye mihadhara yake juu ya usemi kama tendo ilichapishwa mwaka 1962. Kisha shirika la viwango la FIPA, lililoanzishwa mwaka 1996, likaeleza maana ya kila ujumbe kwa kile ambacho mtumaji anaamini na kukusudia. Kimantiki ilikuwa kazi safi, lakini nani angeikagua? Imani ya programu iliyoandikwa na kampuni nyingine haionekani kwa nje. Mwaka 1998 mtafiti Munindar Singh alipinga msimamo huo, akitaka maana ijengwe juu ya ahadi za kijamii, zinazoweza kushuhudiwa na kudaiwa. Naamini alikuwa sahihi.

Mtu anaweza kusema kwamba ahadi haifai kitu ikiwa pande mbili hazielewani: mmoja akitaja bei yenye kodi na mwingine isiyo na kodi, mkataba umevunjika kabla ya kuanza. Ni kweli, na ndiyo maana kazi ya mtafiti Tom Gruber na wenzake ya kuweka wazi maana za dhana haikupotea bure. Lakini maana hizo nazo ni mapatano. Hudumu pale tu wanaozitumia wanapokuwa na njia ya kuzipinga na kuzirekebisha.

Pingamizi zito zaidi ni la leo: modeli kubwa za lugha huelewa maneno ya kawaida, basi itifaki za nini? Kuelewa ombi si kuwajibika kwa jibu. Programu ikileta taarifa ya uongo kutoka hifadhidata ya mtu mwingine, ufasaha wake hautuambii nani aliidhinisha, nani aliahidi, wala nani atarekebisha. Kadiri programu zinavyojadiliana kwa niaba yetu, ndivyo tunavyopaswa kudai kumbukumbu ya mapatano yao, iliyo wazi kwa wote wanaohusika.