Mbegu ya Mwituni ni Amana



Tutokapo msikitini siku ya Ijumaa huwakuta wauza miswaki wametandaza vijiti vyao. Twanunua, twatia mfukoni, twenda zetu. Ni wachache waulizao mti wenyewe waota wapi, na nani aupandaye.

Mswaki ni kichaka cha nchi kavu. Bara huonekana sana bonde la Eyasi, kaskazini ya Kinyangiri, Mkoa wa Singida. Nchi hiyo ina msimu mmoja wa mvua, na kichaka huko si takataka: ni malisho ya mbuzi, ni kuni, ni dawa, ni ua la boma. Kikiisha, nyumba nayo hutetereka.

Haya yaliwafika majirani zao wa magharibi, ng'ambo ya mbuga ya Wembere. Shinyanga, tangu miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza ilifyeka mapori ili kuwaangamiza mbung'o. Kisha pamba ikataka mashamba, na ng'ombe wakazidi. Wazee wa Kisukuma walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zianzapo, ikafunguliwa kiangazi kikikaza. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, ngitili nyingi ziliachwa.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ngitili zilizojulikana wakati ule zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Zilirudije? Wenyeji waliipenda zaidi miti yao ya asili kuliko ya kigeni, wakafufua desturi ya wazee. Visiki vikachipua, na mbegu zilizosalia ardhini zikaota. Palipobaki mama, watoto walirudi.

Hapo ndipo penye funzo. Atakaye kuotesha vichaka vya mwituni asichume tunda lote la mti mmoja. Achume kidogo kidogo katika miti mingi, awaachie ndege na ardhi fungu lao, wala asichimbe mizizi ya mswaki hata ukafa. Tunda la mswaki lioshwe nyama yake, kwani huzuia mbegu kuota, kisha mbegu ipandwe ingali mbichi. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu: humiminiwa maji ya moto, ikalala humo usiku kucha.

Qur'ani Tukufu, Sura Al-An'am aya ya 141, yaamrisha kutoa haki ya mazao siku ya mavuno, na yakataza israfu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa apandaye mti, akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi amalizaye mbegu amewanyang'anya wajao sadaka yao kabla hawajazaliwa.

Kesho ununuapo mswaki, muulize muuzaji: umekatwa tawi, au umeng'olewa mti? Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa warithi wema wa ardhi Yake. Amin.